Namna tulivyochagua mashine na waya wa kubana marobota ya chupa na maboksi

Kikundi chetu kinakusanya chupa za plastiki na maboksi katika eneo la Mbagala, kusini mwa Dar es Salaam, na mimi ndiye mweka hazina wake. Katika miaka ya mwanzo tulisafirisha mali yetu ikiwa huru ndani ya viroba vikubwa. Fuso yenye bodi ya urefu wa mita tano na nusu, iliyojazwa mpaka turubai likashindwa kufunika, ilibeba takriban kilo 650 tu za chupa, ilhali dereva alitoza nauli ileile ambayo angemtoza mtu mwenye tani tatu za saruji, kwa kuwa kwake safari ni safari. Kila nilipofunga hesabu ya mwezi niliona kwamba sehemu kubwa ya jasho la wanachama, wengi wao akina mama wanaotoka alfajiri kuzunguka mitaani, ilikuwa inalipia usafiri wa hewa iliyomo ndani ya chupa. Ndipo tulipokubaliana kwamba lazima tuanze kufunga marobota.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilidhani swali ni bei ya mashine, nikatafuta iliyo nafuu kuliko zote. Fundi mmoja wa kuchomelea alitutengenezea sanduku la chuma lenye jeki ya tani 20 ya kunyanyulia lori, na tulipolijaribu tulifurahi, kwa sababu chupa zilikandamizwa vizuri mbele ya macho yetu. Tulifunga robota kwa waya wa kufungia nondo, tukalitoa, tukalipiga picha. Asubuhi yake lilikuwa limevimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi, na nyaya mbili kati ya nne zilikuwa zimekatika. Tuliendelea hivyohivyo kwa wiki tatu, tukijidanganya kwamba waya ukiongezwa tatizo litakwisha. Marobota yalipofika kwa mnunuzi, foko, yaani gari la kunyanyulia mizigo, ilinyanyua la kwanza, likapasuka langoni, chupa zikatapakaa uwanja mzima. Msimamizi wa mapokezi hakutukaripia. Alisema tu, "Dada, hili si robota, huu ni mzigo uliofungwa kamba. Njoo ndani nikuonyeshe tunachotaka."

Saa moja niliyokaa naye ilinifundisha mengi kuliko miezi yote niliyoitumia nikiulizia bei za mashine. Alinionyesha marobota yaliyopangwa kwenye ghala lake, akanieleza ni uzito gani foko yake inaumudu kwa urahisi, ni vipimo gani vinavyopangika bila kuanguka, kwa nini anataka chupa za PET peke yake, yaani zile zenye namba 1 ndani ya mishale mitatu, na kwa nini chupa moja ya aina nyingine iliyojificha katikati ya robota inaweza kuharibu mali yote inayoyeyushwa pamoja nayo. Aliniambia pia kwamba tangu Januari 2021, masharti mapya ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi, yalipoanza kutumika, plastiki iliyochanganywa au iliyochafuka haivuki mpaka bila idhini ya nchi inayoipokea, kwa hiyo hata mnunuzi anayeuza nje hana nafasi ya kuwa mpole kwetu. Nilirudi Mbagala na ukurasa mmoja wa daftari uliojaa maandishi, na kuanzia siku hiyo kila kifaa tulichokinunua kilipimwa kwa ukurasa ule.

Jambo lililonishangaza zaidi ni vizibo. Chupa iliyofungwa kizibo ina hewa isiyo na pa kutokea; ukiibana inajikunja, ukiiachia inarudi ilivyokuwa, na mamia yake kwa pamoja yanasukuma nyaya usiku kucha. Kwa hiyo jeki yetu haikuwa na kosa peke yake. Tuliweka meza ndefu ambapo vizibo huondolewa na kutengwa kwenye kiroba chake, kwa kuwa vinatengenezwa kwa plastiki ya aina nyingine na vina mnunuzi wake, na chupa ambayo kizibo chake kimeng'ang'ania hutobolewa kwa ncha ya msumari uliopigiliwa kwenye ubao. Kazi hiyo haikugharimu chochote zaidi ya muda, na ilipunguza uvimbe wa marobota kuliko kifaa chochote tulichokuja kununua baadaye.

Kisha tukafika kwenye waya, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu wengi hutumia mamilioni kwenye mashine na kuuliza habari za waya siku ya mwisho, dukani, mashine ikiwa tayari imeshushwa kwenye lori. Waya wa kufungia nondo tulioutumia ulikuwa na unene wa milimita 1.6, na ule unaofaa kwa robota letu ni wa milimita 2.5. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini chuma kilichomo katika ule mwembamba hakifiki hata nusu ya kile kilichomo katika ule mnene, na nguvu ya kuvumilia mvuto inapungua kwa kiasi hichohicho. Tulichagua waya mweusi uliolainishwa kwa moto, kwa kuwa unapinda kirahisi bila kukatika unaposokotwa kwa koleo, ingawa unashika kutu haraka kuliko ule uliopakwa zinki. Kwa marobota yanayokaa uani siku chache kabla ya kuuzwa, kutu si hoja. Kwa anayehifadhi mali miezi kadhaa kando ya bahari, kama ilivyo kwa wenzetu wengi wa pwani, ningeshauri alipe zaidi apate ule wa zinki.

Nilijaribu pia mikanda. Mikanda ya plastiki ya polipropilini, ile inayofunga katoni za bidhaa madukani, ilitukatisha tamaa, kwani ilikaza vizuri asubuhi lakini jua la mchana likiipiga ilinyumbuka taratibu, na robota la chupa likalegea lenyewe. Mikanda ya poliesta iliyofumwa, inayokazwa kwa bizimu ya chuma, ni nzuri kweli: inashikilia mvuto, haishiki kutu, haikati viganja, na ikikatwa hairuki kwa hatari kama waya. Hata mnunuzi aliipenda, kwa sababu kipande cha waya kinachosahaulika ndani ya chupa huharibu visu vya mashine yake ya kusagia. Kilichotuzuia ni upatikanaji. Waya naupata Mbagala kwenye duka la vifaa vya ujenzi hata Jumapili, lakini mikanda ile nililazimika kuiagiza na kuisubiri, na kazi ya kubana haiwezi kusimama wiki mbili chupa zikiendelea kuingia. Tukaamua kutumia waya kwa chupa, na mikanda michache kwa maboksi pekee, ambayo yakishabanwa hayana nguvu kubwa ya kurudi nyuma. Karatasi nyeupe za ofisini, ambazo tunazipata kidogokidogo, tunazifunga kwa kamba ya mkonge, na ninafurahi kila nikiiona, kwa maana kamba za mkonge wa Tanga ndizo zilizokuwa zikifunga marobota ya nyasi kavu mashambani Ulaya na Marekani kabla kamba za plastiki hazijaliteka soko hilo.

Baada ya kujua robota linalotakiwa na kifungio chake, kuchagua mashine kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Tulionyeshwa mashine kubwa ya mlalo, inayojilisha kwa mkanda wa kusafirishia mali na kutoa marobota mazito mfululizo, na baadhi ya wanachama waliipenda kwa ukubwa wake. Nilipinga, na bado naamini nilikuwa sahihi, kwa sababu robota la kilo 400 lingetulazimisha kununua foko, na sisi tuna mikono, ubao wa kuteremshia na mkokoteni. Tulinunua mashine ya wima yenye nguvu ya tani 30, iliyokwisha kutumika, inayotoa robota la mita moja kwa sentimita 70 kwa sentimita 80. Likiwa la chupa lina uzito wa kilo 120 hivi, na la maboksi linakaribia kilo 200. Watu wawili wanaligeuza la chupa bila kujiumiza, na la maboksi tunalisukuma watu wanne. Mashine ina mnyororo unaolisukuma robota nje mlango unapofunguliwa. Asiye na mnyororo huo hulivuta kwa mikono, na migongo ya vijana huisha mapema.

Kabla ya kulipa nilimwomba mzee mmoja, fundi wa mashine za haidroliki, yaani zinazosukumwa kwa shinikizo la mafuta, mwenye karakana yake eneo la Gerezani, Dar es Salaam, aje aitazame. Aliacha pistoni ikiwa imeshuka chini ya shinikizo, akakaa robo saa akiangalia kama inarudi yenyewe, akapapasa paipu zote za mafuta kutafuta unyevu, kisha akaniambia, "Mama, sili za silinda zimechoka lakini zinapatikana mjini. Mwambie apunguze bei, ununue za akiba mbili." Nilifanya alivyosema, na moja tumeshaitumia. Ushauri wake mwingine ulihusu mlango. Kitasa cha mashine nyingi za zamani hufyatuka mara moja, na mlango ukiwa umebeba msukumo wa robota unaweza kumvunja mtu kifua. Alitaka tuchague yenye usukani unaoachia mlango taratibu, pamoja na swichi inayozuia pistoni kushuka mlango ukiwa wazi. Yetu ilikuwa na usukani lakini swichi ilikuwa imeng'olewa na mwenye mashine wa kwanza, na hatukuiwasha mashine hata siku moja kabla ya kuirudishia swichi hiyo. Tuliwahi kuona waya uliokatika ukimchana kijana wetu mkono wakati wa jeki, na sikutaka kuona kikubwa zaidi ya hicho. Glavu za ngozi na miwani ni lazima kwa kila anayekata au kukaza waya, hata kama ni kwa dakika moja.

Umeme ndio uliotuchelewesha. Mota ya mashine ilihitaji njia tatu na sisi tulikuwa na njia moja, kwa hiyo kulikuwa na maombi, upimaji na gharama ya kuvuta waya, mambo ambayo sikuyaingiza katika bajeti na ambayo yalinifanya nisimame mbele ya wanachama kuomba mchango wa pili. Anayepanga kununua aanze kwa kutazama mita yake. Tulitengeneza pia sakafu ya zege, kwa sababu mashine yenyewe ni nzito na robota linapotoka linapiga chini kwa kishindo.

Hesabu ya sasa ni hii. Fuso ileile inabeba marobota 30 ya chupa kwa tabaka mbili, kumi na tano kila tabaka, yaani takriban tani 3.6 badala ya kilo 650. Kila robota linakula mita 13 hivi za waya kwa vifungo vinne, ambazo ni kama nusu kilo, hivyo roli la kilo 25 linafunga marobota 50. Maboksi bado yanatusumbua wakati wa masika, kwa kuwa yananyonya maji hata yakiwa chini ya turubai yakigusa sakafu, na mnunuzi hukata uzito wa unyevu bila kubembelezwa. Tumeyapandisha juu ya mapaleti ya mbao, tumeacha njia ya kupita hewa kati ya mistari, na tumeweka mitungi miwili ya kuzimia moto karibu na lango, kwa maana ghala la maboksi makavu nalo lina hatari yake wakati wa kiangazi.

Kila robota linalotoka sasa lina kibandiko chenye tarehe, uzito na herufi za jina la aliyelibana. Mwezi uliopita mnunuzi alikuta chupa za mafuta ya kula, ambazo hazitaki, ndani ya robota mojawapo, akanipigia simu akanisomea herufi zile, na jioni hiyohiyo nilikaa na mwanachama aliyehusika kwenye meza ya kuchambulia, tukazishika chupa moja moja mpaka akazitambua kwa kuzigusa tu.