Boneti ya faibaglasi kupinda kwenye 911 ya mtindo wa RS

Gari ni Porsche 911 ya kawaida, inajengwa kwa sura ya Carrera RS 2.7 ya 1973, toleo jepesi la kimichezo la 911. Boneti ya chuma ikatoka, ikaja ya faibaglasi. Baada ya muda ikabinuka katikati, na nyufa nyembamba zikatokea karibu na bawaba, chini ya kioo cha mbele.

Mkosaji ni shoki mbili za gesi zinazoinua boneti na kuishikilia ikiwa wazi. Zilipimwa kubeba chuma. Faibaglasi ni nyepesi mno, na kwa kuwa kitasa kimeshika pua, nguvu yote huishia kukunja katikati.

Tulitoa shoki zote mbili, tukaweka fimbo moja ya alumini ya kuegeshea. Upande wa ndani tulisaga nyufa kwa msasa namba 80 hadi rangi ikaisha, tukalaza kwa rezini matabaka matatu ya mati ya faibaglasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kila moja likizidi lililotangulia kwa sentimita 2. Kigumisho cha rezini ni asilimia 1 tu: kwenye joto la nyuzi 30, ukikizidisha, rezini huganda ndani ya ndoo. Chini ya bolti za bawaba kuna bati la alumini la milimita 3 na washa pana. Usikaze sana, faibaglasi husagika.

Pua ikipungua uzito huinuka, kwa hiyo rekebisha tosheni ba (fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi za mbele) kisha upime alaimenti ya magurudumu upya.

Unapouza, andika kwenye mkataba kuwa ni mfano, si RS halisi. Namba ya chesisi haiguswi.