Sikio Juu ya Reli: Nilivyoipata Treni ya Mizigo Saranda

Kuna jamaa aliniambia treni ya mbali huisikii mpaka ulaze sikio kwenye reli. Nami, baba wa watoto wawili, nikajilaza ubavu juu ya kokoto karibu na Saranda, saa saba mchana. Chuma cha Manyoni saa hiyo ni kikaango. Treni sikuisikia, nilichosikia ni ngozi yangu. Na hata ingekuja, ningeinukaje? Nilirudi Dodoma sikio limeumuka kama andazi, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Shida yangu ilikuwa kuiona treni ya dizeli ikivuta mzigo kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye ile reli ya zamani ya upana wa mita moja, iliyoanzia Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Watu wanashangaa: treni ya umeme ipo, wewe unakimbilia moshi? Ndiyo, nakimbilia moshi.

Safari ya pili nilishinda hapo kutwa, nikahesabu mbuzi. Ya mizigo haina ratiba ya kubandikwa ukutani.

Ya tatu nikaacha kuangalia reli, nikaangalia gengi la matengenezo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepotea?"

Nikamweleza. Akaonyesha toroli lao. "Hili likiwa juu ya reli, wewe lala. Ukiona tunalibeba kulitoa, amka."

Nikalala kweli, chini ya mbuyu, mbali na njia. Kwenye saa kumi toroli likatolewa.

Ngurumo ilitangulia muda mrefu. Wengi hudhani injini inasukuma magurudumu yenyewe. Kumbe inazungusha jenereta, na umeme wake ndio unaoendesha mota za kwenye ekseli. Kwa hiyo kichwa cha treni kinaunguruma kwa nguvu zote huku kikienda mwendo wa bibi anayetoka sokoni. Moshi mweusi, makontena, matangi ya mafuta. Nilihesabu mabehewa hadi kumi na tisa, dereva akapiga honi, nikapunga mikono yote miwili kama mtoto, hesabu ikapotea.

Bodaboda ilikula kama elfu kumi hivi, na soda mbili za mzee. Wakati wanarudisha toroli, akaniuliza hilo kovu la sikioni nimelipata wapi.

Nikamwambia nyuki.