Ukuta wa nyumba ya bibi
Wiki ya tatu sasa tunabandua lipu ya saruji kwenye nyumba ya marehemu bibi, hapa Mji Mkongwe, Bagamoyo. Tuliipiga sisi wenyewe miaka ya nyuma tukidhani tunaimarisha nyumba. Kumbe tuliufunga ukuta! Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu unapanda kutoka chini na lazima utokee ukutani. Saruji ikauzibia njia. Rangi ikachubuka, chumvi ikatoka kama unga, chumba cha mama kikanuka ukungu mwaka mzima.

Fundi alipobandua kipande cha kwanza, jiwe lilikuwa limelowa, na mvua hatujaiona siku nyingi. Nililigusa kwa mkono wangu. Roho iliniuma.

Sasa tunapiga chokaa iliyolowekwa, na mchanga usio wa ufukweni maana ule una chumvi, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja tunaifunika magunia mabichi isikaushwe na jua. Hela inakwenda, ila ukuta huu mnene ndio unaotukinga na joto la mchana, siuachi.

Upande wa baharini bado. Jumatatu, Inshallah.