Marufaa ya mninga, kazi yangu ya kwanza ya 2026

Mwaka huu nimeufungua kwa marufaa ya kusomea msahafu: mbao mbili za mninga zinazopishana katikati, kila moja ina waridi la petali nane lililotobolewa upande hadi upande. Ni ya shangazi yangu, ambaye kila Ramadhani huhitimisha Kurani nzima, juzuu moja kwa siku, amekaa kwenye mkeka wake. Mwezi ulitarajiwa kuandama karibu na tarehe 18 Februari, kwa hiyo Januari ilipoanza nilijua kabisa nina muda gani mkononi. Naandika nilivyoifanya kwa sababu kuna jambo ambalo ningependa kila mpenda nakshi wa pwani alijue kabla ya kuwasha msumeno wa nakshi: nakshi ya kuchonga haiwezi kukatwa mpaka ichorwe upya.

Kwa asiyeujua, msumeno wa nakshi ni mashine ya kuweka mezani. Bledi yake ni nyembamba, urefu wake kama sentimita 13, imesimama wima na inapanda na kushuka upesi mno huku wewe ukiuzungusha ubao chini yake. Bledi ikifunguliwa upande wa juu, inapitishwa kwenye tundu dogo lililotobolewa kwa drili, inafungwa tena, na unaweza kukata dirisha katikati ya ubao bila kuugusa ukingo. Jigso ya mkononi haifiki huko. Kona za ua dogo zinaishinda. Mashine yangu nilinunua ikiwa imeshatumika, na kutoka bledi hadi nguzo ya nyuma ina nafasi ya sentimita 40. Kipimo hicho ndicho kilichoamua ukubwa wa marufaa: kila ubao urefu wa sentimita 38 na upana wa 20, ili niweze kuuzungusha bila kugonga nguzo.

Sasa nakshi. Nilitaka waridi na mnyororo kama ilivyo kwenye fremu za milango ya Mji Mkongwe. Ukilitazama ua la mlango kwa karibu utaona fundi ameondoa mbao juu juu tu kwa patasi. Nyuma ya ua kuna ubao mzima unaolishika, hivyo jani linaweza kusimama peke yake na kitovu cha ua kikaelea katikati ya duara bila kugusana na chochote. Msumeno wa nakshi hauna huo ubao wa nyuma. Chochote ulichokizungushia mstari kinaanguka sakafuni. Ukikata waridi la mlango kama lilivyo, utaokota petali chini na kubaki na tundu la duara.

Kabla ya kuchora nilikwenda kusimama mbele ya ile Zahanati ya Zamani inayoangalia bandari, barabara ya Mizingani, jengo lililoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan na kukamilika 1894. Roshani zake ni shule ya nakshi ya kukata. Tazama mbao zile zilizotobolewa: hakuna jani lisiloshikana na jirani yake. Ncha ya jani inagusa mgongo wa jani jingine, duara linabebwa na miguu minne, na pale kipande kinapokuwa chembamba kuna kingine karibu cha kukisaidia. Waliokata mbao zile walikuwa wanafikiria kinachobaki kabla ya kufikiria kinachotoka. Nilisimama pale muda mrefu na daftari langu na sikunakili hata ua moja. Nilichonakili ni mahali vitu vinaposhikana.

Nyumbani nikachukua bikari na kuchora duara la sentimita 12, nikaligawa mara nane. Kila petali nikaipa mizizi miwili kwenye kitovu na ncha moja kwenye duara la nje. Vishikizo vyote, yaani vipande vya mbao vinavyobaki kuishika petali, nikaviwekea upana usiopungua milimita 5. Hapo ikaja habari ya nyuzi za mbao, na hili ndilo linalovunja kazi za wengi. Mbao ina nguvu kufuata nyuzi zake na ni dhaifu ukizikata kwa kuvuka. Kishikizo cha milimita 5 kinachokwenda na nyuzi kitadumu miaka. Hicho hicho kikilala kwa kuvuka nyuzi kitakatika siku mtoto atakapokibonyeza kwa kidole. Kwa hiyo waridi langu halina petali nane zinazolingana. Zile mbili zinazolala kwa kuvuka nyuzi zina vishikizo vya milimita 7, na petali zenyewe nimezinenepesha kidogo. Jicho haligundui. Niliizungusha karatasi mara hii na mara ile kujiridhisha, na kila aliyeiona kazi iliyokamilika ameliona duara moja tulivu.

Mnyororo ulikuwa mtihani mzuri zaidi. Kwenye mlango pete moja inapita juu ya nyingine kwa sababu fundi anashusha moja na kuinua nyingine. Kwenye ubao uliotobolewa pete zote ziko usawa mmoja. Nikachora pete zikiwa zimeungana kama kitu kimoja, mashimo yakiwa ni ndani ya pete na vipembe vya pembeni, kisha baada ya kukata nikachukua kisu chenye ncha na kuchora mkwaruzo mwembamba kila pete zinapokutana, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Mkwaruzo wa nusu milimita unatosha kulidanganya jicho kwamba pete moja imepita chini.

Shangazi nilimwonyesha mchoro mapema, maana kitu ni chake. Alivaa miwani akaupitia polepole.

"Maandishi hujaweka?"

"Bado, shangazi. Nilitaka nikuulize kwanza, niweke bismillahi hapa juu?"

"Usiweke, mwanangu. Marufaa inakaa chini, na watoto wanaruka ruka humu ndani. Maneno yatakuwa juu yake, kwenye msahafu. Wewe tia maua."

Nikafuata, na naona alikuwa na haki.

Mbao nilichagua mninga kwa sababu hautembei. Ukikauka vizuri haupindi wala haupanuki sana mvua zikija, na kitu chenye mbao mbili zinazopita moja ndani ya nyingine hakivumilii mbao inayobadilika. Rangi yake ya kahawia yenye michirizi myekundu haihitaji kupakwa chochote cha kuipendezesha. Unene nilipiga randa hadi milimita 12. Mkangazi ungekuwa laini zaidi kukata na ni mbao nzuri, lakini msahafu mkubwa una uzito na marufaa husukumwa, hubebwa, hukalishwa. Ila vumbi la mninga ni kali kwa pua na kifua. Barakoa nilivaa tangu kwenye randa hadi kwenye msasa, na dirisha lilikuwa wazi muda wote.

Kabla ya kukata ua lolote nilimaliza hesabu ya maungio. Kuna marufaa za ubao mmoja, zinazochanwa kati kwa msumeno wa mkono na kuachiwa bawaba ya mbao hiyo hiyo. Hiyo ni kazi ya patasi na ya mkono uliozoea. Yangu ni ya mbao mbili. Ubao wa kwanza una dirisha katikati lenye upana wa sentimita 12.2. Ubao wa pili, nusu yake ya chini imepunguzwa hadi sentimita 12, inapita kwenye dirisha hilo na kusimama mabega yanapogota. Pembeni mwa dirisha zinabaki kama sentimita 3.9 kila upande, nazo zinakwenda na nyuzi, kwa hiyo hazina wasiwasi.

Kimo cha dirisha ndicho kinachoamua marufaa itafunguka kiasi gani. Mbao mbili za milimita 12 zikikutana kwa pembe mraba, dirisha la milimita 12 linatosha. Zikilala zaidi, hadi pembe ya digrii 100, dirisha linataka milimita 14 na kidogo, kwa kuwa ubao unaopita kimshazari unakula nafasi kubwa zaidi. Uzito wa msahafu husukuma mbao zifunguke mpaka zikwame kwenye kingo za dirisha, basi ukikata dirisha la milimita 20 marufaa italala chini zaidi. Nilijaribu kwanza kwenye mabaki ya unene ule ule, nikaridhika na milimita 14 na nusu. Ikifunguliwa inasimama kama sentimita 24 kutoka chini, pahala pazuri kwa macho ya mtu aliyekaa mkekani.

Mchoro niliutoa kopi, asili nikaiweka. Ubao niliufunika kwanza kwa utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, juu yake nikabandika kopi kwa gundi, na juu kabisa selotepu pana ya kufungia maboksi. Utepe wa chini unafanya karatasi itoke bila kuacha gundi kwenye mbao. Selotepu ya juu inaisaidia bledi isiunguze, na kwenye mbao ngumu utaiona tofauti: bila selotepu kona zinakuwa na weusi wa moshi ambao msasa hauufikii.

Matundu ya kuingizia bledi nilitoboa kwa biti ya milimita 2, ubao ukiwa umelazwa juu ya kipande kingine ili upande wa chini usichanike. Bledi ilikuwa namba 5, yenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kutazama juu; hayo yanasafisha upande wa chini wa ubao. Meno mengine yote lazima yatazame chini. Ukaze wa bledi naupima kwa kidole: nikiichezea, ilie kama uzi wa udi uliokazwa, sauti kavu na safi. Ikilia kwa uzito, imelegea, na bledi iliyolegea inajipinda tumboni na kukata kuta zisizonyooka. Meza nayo niliipima kwa skwea hadi bledi ikasimama wima kabisa.

Kukata kwenyewe kulikuwa raha. Nilikuwa naanza baada ya sala ya alfajiri, wakati umeme umetulia na mtaa haujaamka. Nilianzia kitovuni, vishimo vidogo kwanza, kisha vikubwa, nikielekea nje, kwa sababu ubao ulio mzima pembeni unatulia mezani na mkono unaushika vizuri. Umbo la nje, miguu na upinde wa katikati yake, nililiacha hadi mwisho. Dirisha la maungio nalo nilikata ubao ukiwa bado mstatili, na hapo sikuufuata mstari kwa bledi. Mstari ulionyooka wa sentimita 12 si kazi ambayo mashine hii inaipenda, kwani bledi nyingi zinavuta upande kidogo tangu kiwandani na inabidi ubao uulishe kimshazari. Nilikata ndani ya mstari kwa nusu milimita na kumalizia kwa tupa bapa, nikijaribisha ubao wa pili kila baada ya muda mpaka ukapita bila kulazimishwa.

Mikono miwili hukaa mezani siku zote, ubao unausukuma mbele tu, wala bledi huisukumi pembeni. Kwenye ncha kali unaacha kusukuma, unauzungusha ubao mahali pamoja kuizunguka bledi, kisha unaendelea. Umeme ulipokatika nikiwa katikati ya petali nilizima swichi, nikaacha ubao pale pale, nikalegeza bledi. Uliporudi nikaikaza na kuendelea, na alama haionekani. Bledi ikianza kutaka nguvu nilibadilisha papo hapo. Mninga unazichosha upesi, na bledi butu ndiyo inayovunja vishikizo.

Kuna wanaokata mbao mbili kwa pamoja zikiwa zimefungwa utepe ili zifanane. Kwa mbao nyembamba ni njia nzuri sana. Kwa milimita 24 za mninga sikuiamini: bledi inapinda ndani na ua la chini linatoka tofauti na la juu. Nilikata kila ubao peke yake.

Msasa wa ndani ya nakshi nilikata vipande vyembamba nikavigandisha kwenye vijiti, na pasipofikika nilitumia tupa ndogo ya duara. Sehemu hii haina haraka na sina la kuieleza zaidi. Mwisho nikapaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nikaiacha mbao iyanywe, nikafuta yaliyobaki, na nikarudia yalipokauka. Matambara ya mafuta hayo usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, kwani yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yangu niliyatandaza juu ya ukuta wa uani mpaka yakakakamaa.

Shangazi aliipokea kabla mwezi haujaandama. Akaifungua, akaweka msahafu wake mkubwa, akaubonyeza kwa viganja viwili huku na huku.

"Haitikisiki," akasema. "Ile yangu ya zamani ilikuwa inacheza, nikasoma nimeishika kwa goti."

Kisha akapitisha kidole kwenye mnyororo, pete kwa pete, akaniuliza kama naweza kutengeneza ndogo za watoto wanaokuja kwake kusoma juzuu amma, ile ya mwisho ya Kurani. Naweza. Za watoto nitatumia ubao wa milimita 9, urefu sentimita 26, na dirisha la kama milimita 11 ili zifunguke sawa na hii. Waridi litakuwa la petali sita, kwa sababu kwenye duara dogo petali nane zitanilazimisha kupunguza vishikizo, na mikono ya watoto inataka vishikizo vinene. Mchoro nimeshauanza.