Lenzi ya 135 niliyochagua kwa harusi za kanisani

Kazi yangu ni harusi, hapa Dar es Salaam, na nyingi ninazopiga hupitia kanisani kabla hazijafika ukumbini. Kanisani ndipo lenzi ya mbali inapotafutwa kwa tochi. Paroko ameshatangaza kabla misa haijaanza: wapiga picha wasivuke benchi la mbele, na flashi marufuku mpaka ibada iishe. Maharusi wanavishana pete mita kumi kutoka uliposimama, taa za ndani hafifu, na dirisha kubwa linawaka nyuma ya altare. Kesho yake asubuhi mteja anaulizia picha, na ya kwanza anayoitafuta ni ya uso wake wakati anatamka kiapo.

Nilikuwa nimeshahamia kwenye mirolesi (kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani, tofauti na zile za zamani za kioo), Canon EOS R6, nikiwa na lenzi ya 35 na zumu ya 24-105 f/4. Namba za lenzi ni milimita, na ikiwa kubwa lenzi inavuta mbali zaidi. Hiyo f/4, kipimo cha tundu la kuingizia mwanga (namba ndogo ndiyo tundu kubwa), ndiyo iliyonibana. Kwa shata ya 1/100, yaani pazia la kamera kufunguka kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kanisa lenye giza lilinidai ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 12800. Kamera inafika huko bila shida, ila chenga, vile vidoadoa vya picha, zinaanza kuonekana, na zinaonekana kwanza kwenye ngozi zetu nyeusi na kwenye suti ya bwana harusi, kwa sababu chenga hukaa upande wa giza wa picha. Tundu likifunguka hadi f/2.8 mwanga unaongezeka mara mbili, ISO inashuka hadi 6400. Likifika f/2 ni mara nne, unapiga kwa 3200. Kwa hiyo suala la tundu kubwa kwangu halikuwa urembo wa ukungu nyuma ya mtu. Nilikuwa nanunua mwanga.

Wakongwe wa kazi niliowauliza walikuwa na jibu moja. "Dogo, chukua 70-200 f/2.8, habari nyingine achana nazo." Ushauri wenyewe si mbaya. Ile ya RF, mfumo wa lenzi za mirolesi za Canon, ina gramu 1,070 tu, lakini ilipotangazwa 2019 bei yake Marekani ilikuwa dola 2,699, bado hujaweka usafiri na ushuru. Aliyenishauri mwenyewe anatumia ya EF, mfumo wa Canon wa kamera za kioo, toleo la 2010, gramu 1,490. Nikaikodi kwake wikiendi kadhaa. Inapiga vizuri, sina neno. Shida yake ni saa ya tisa ya kazi, bado keki haijakatwa, bega limeshakuwa la mtu mwingine.

Kabla ya kurudisha zumu ya watu nilifungua picha zangu kwenye kompyuta nikazipanga kwa urefu wa lenzi. Niliacha pembeni zote nilizobonyeza, nikaangalia zile tu ambazo wateja walizichagua kwa ajili ya albamu. Za kanisani zilijazana kati ya 120 na 150. Upande wa 200 ulikuwa na vipicha vichache vya pete, na 70 nilikuwa naigusa wakati wa kutoka mlangoni, mahali ambapo 35 ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Hesabu inasema vivyo hivyo, na ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuifanya kwa kanisa lako. Chukua 36, upande mrefu wa sensa ya fulu fremu, kama ya R6 yangu, kwa milimita, gawanya kwa urefu wa lenzi, zidisha kwa umbali wa mita. Kamera ikiwa wima, mita kumi kwa lenzi ya 85 unaona mita 4.2 kutoka juu hadi chini: maharusi, maua, stendi ya maiki na nusu ya kwaya. Kwa 135 unaona kama 2.7, yaani maharusi kuanzia viatu hadi juu ya shela, na nafasi kidogo. Kwa 200 ni 1.8, miguu imeshakatika. Hapo 85 niliitoa kwenye orodha, ingawa kwa picha za kupanga ufukweni sina ugomvi nayo.

Kwenye 135 kulikuwa na mbili. Moja ni RF 135 f/1.8 ya 2022: gramu 935, ina kitulizi chake cha mtikisiko, na ilitangazwa kwa dola 2,099. Nyingine ni EF 135 f/2 ya 1996: gramu 750, haina kitulizi, na iliyotumika unaipata kwa pesa inayoongeleka. Tofauti ya f/1.8 na f/2 ukiipiga ni asilimia 23 hivi ya mwanga, kama theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili). Sikuona harusi yoyote ambayo theluthi ya stopu ingeiokoa. Kitulizi nacho R6 inacho ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi ya 1996 ikifungwa humo nayo inatulizwa, kitu ambacho kwenye kamera za kioo haikuwahi kupata.

Watu wanaogopa adapta bure. Ile ya Canon ya kutoka EF kwenda RF haina kioo chochote ndani. Lenzi za EF zinatakiwa kukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, RF ni milimita 20. Adapta inajaza zile 24 zilizobaki na kuunganisha umeme, basi. Inaongeza gramu 110. Fokasi ya jicho, ile ya kamera kulitafuta jicho la mtu yenyewe, inafanya kazi kama kawaida. Mwenye Sony ana njia nyingine, maana huko kuna Tamron 70-180 f/2.8 ya gramu 810, na mimi ningekuwa Sony pengine makala hii ingekuwa ya zumu. Canon haikuruhusu kampuni nyingine kutengeneza lenzi za RF za fulu fremu zenye fokasi ya kujiendesha kwa namna hiyo, kwa hiyo sisi tunarudi kwenye ghala la EF, ambalo limejaa tangu 1987.

Kutafuta ndiko kulikochukua muda. Muuzaji wa kwanza aliniambia, "Bosi wangu, hii hata haijatumika." Nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza kwenye kioo cha nyuma huku nikichungulia kwa mbele, tundu likiwa wazi. Kando ya kioo kimoja cha ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizosambaa kama utando wa buibui. Hiyo ni fangasi, ugonjwa wa lenzi zote za pwani, na ikishakula kioo fundi hana cha kukusaidia. Nikashukuru, nikaondoka. Vumbi mbili tatu lisingenitisha, halionekani kwenye picha.

Niliyoinunua niliipata kwa mpiga picha aliyehamia kwenye video. Nilimwomba akae kitini mita tatu mbele yangu, nikapiga jicho lake kwa f/2 nikisogea mbele na nyuma, kisha nikakuza picha hapo hapo. Kope zilihesabika. Umbali huo kina cha fokasi ni kama sentimita sita tu: jicho liko wazi, sikio limeshapotea. Mita kumi kinafika sentimita 65 hivi, ambazo zinawatosha maharusi wawili wakisimama sambamba.

Ina tabia zake. Shela nyeupe ikipigwa mwanga wa nyuma kwa f/2, kingo zinapata zambarau kidogo, naiondoa kwenye programu. Haijazibwa dhidi ya mvua, kwa hiyo masika inabaki ndani. Na shata ya kimya ya elektroniki, ambayo kanisani ungeipenda, inachora mistari ya giza chini ya taa nyingi za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo natumia shata ya kawaida kwa 1/100. Lenzi ya 135 kwa 1/100 bila kitulizi ingekuwa bahati nasibu. Kwa kitulizi cha bodi, na watu wamesimama wanakula kiapo, inatoka. Wakianza kucheza ukumbini napanda hadi 1/250.

Nyumbani inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu ninavyovibadilisha vikishiba.

Nikahi msikitini siitoi kabisa. Bwana harusi na walii wameshikana mkono, watu wamekaa chini bega kwa bega, na 35 ndiyo inayoingia pale. Mahafali ni kinyume chake, jukwaa liko mbali na huruhusiwi kusogea, hapo narudi kwa mkongwe kukodi 70-200 yake, na gharama ya kukodi inaingia kwenye bei ya mteja.