Fungu la buku: siku yangu na bei za matunda Mtwara

Saa 11:40 alfajiri. Kabla ya chai naangalia chaji ya kishikwambi na betri za mizani. Kazi yangu ni kukusanya bei za rejareja, zile za kukokotoa mfumuko wa bei, na leo ni zamu ya matunda. Ni Novemba, jua la Mtwara halichelewi.

Saa 1:15 asubuhi. Soko Kuu. Naanza kwa mama yule yule, meza ile ile, tunda lile lile. Watu huniuliza mbona sitafuti wa bei nafuu. Mimi nafuatilia mabadiliko. Nikiandika embe dodo mwezi huu, mwezi ujao nikaandika bolibo, nitakuwa nimelinganisha maembe mawili, siyo miezi miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kimashine chako?"

"Nimekuja. Machungwa fungu bei gani leo?"

"Buku. Mimi si unanijua, sipandishi bei."

Kweli hapandishi. Tangu nimfahamu fungu lake ni buku, yaani shilingi elfu moja. Ila mwezi uliopita lilikuwa na machungwa sita, leo ni matano, tena madogo. Napima mafungu matatu, maana la mbele hupangwa makubwa juu kwa ajili ya macho ya mteja. Wastani ni gramu 870. Mwezi uliopita: gramu 1,140. Kwa hiyo kilo moja imetoka shilingi 877 hadi 1,149, karibu theluthi nzima, na hakuna aliyepandisha bei.

"Mama, fungu limepungua."

"Halijapungua. Machungwa ndiyo yameadimika."

Nanunua moja la nyumbani. Ananiongezea chungwa, namrudishia. Nyongeza anayopewa kila mteja naihesabu, ya kunisalimia mimi hapana.

Saa 3. Soko la Sabasaba. Papai halijabadilika. Tikiti linauzwa vipande, kila kipande na upana wake, na wauzaji wameshazoea kunitania: "Huyu anapima hadi maganda!" Ndiyo, napima na maganda. Mnunuzi anayalipia.

Saa 5. Genge la Shangani. Parachichi hakuna. Kijana wa genge ananihurumia: "Andika tu mia tano bro, kesho gari inaingia." Siwezi. Kisichokuwa mezani hakina bei. Najaza "halipo", na halipo siyo sifuri: ukiweka sifuri, wastani mzima unaanguka kana kwamba parachichi zinagawiwa bure. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na mafuriko yakakata barabara ya Dar huko Kilwa, "halipo" nilizijaza mpaka nikachoka. Ndipo nilipoona ni matunda mangapi ya mezani hapa yanayokuja kwa lori.

Saa 7 mchana. Wali, samaki, kivuli.

Saa 8:30. Bajaji kwenda Mikindani. Dereva amekiona kishikwambi, hanipi nafasi ya kupumua.

"Kaka, redioni wanasema mfumuko asilimia tatu. Tatu ya wapi? Machungwa haya haya?"

Namweleza kuwa ile ni ya kapu zima, unga, nauli, kodi ya nyumba, vyote, ukilinganisha na mwezi kama huu mwaka jana. Chungwa humo ni punje. Anasikiliza, kisha anasema kapu lake yeye halina kodi ya nyumba, lina watoto wanne. Sikuwa na jibu la haraka.

Mikindani mtoto ananipa bibo, tunda la mkorosho, kutoka kwenye ndoo. Msimu wa korosho mkoa mzima unajua bei ya mnadani hadi shilingi ya mwisho, lakini bibo lenyewe, tamu hivi, hutolewa tu mkono kwa mkono. Halimo kwenye orodha yangu. Nimelila, nimejichafua shati, na doa la bibo halitoki.

Saa 10:45. Natuma data. Machungwa yanawaka rangi nyekundu: mabadiliko makubwa, toa maelezo. Naandika, "Fungu limepungua uzito, bei ya fungu ni ile ile." Maelezo hayo mwaka huu nimeyaandika mara nyingi kuliko jina langu.

Saa 1 usiku. Mke wangu anafungua mfuko.

"Ya shilingi ngapi haya?"

"Buku."

Anayageuza moja moja. La tano, lile lililokuwa chini kabisa, limeoza upande.

"Na hili ulilipima?"

Nililipima.