Pipa la kwanza, majivu matupu

Jamani, najaribu kutengeneza mkaa wa kunasa mvuke wenye sumu, ila mfuniko wa pipa la kuchomea ulipitisha hewa. Magunia mawili ya maganda ya mise (kokwa za michikichi), niliyopewa na mama mmoja anayekamua mawese hapa Ujiji, yote majivu! Akanicheka: "Mwanangu, si ungenunua tu mkaa?"

Leo nimeziba kwa udongo. Umetoka mkaa mgumu, unalia kama vigae. Ila bado haujaamilishwa, yaani haujafunguliwa vitundu vya kunasia. Unataka mvuke wa maji kwenye nyuzi 800 hadi 900 ndipo vitundu vifunguke, gramu 1 iweze kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000. Humo ndimo mvuke wa rangi na petroli hunasa. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya jiko la mkaa, hainaswi, msije mkafunga madirisha.

Tanuri sina. Fundi wa kuchomelea kasema nirudi Jumatatu.